Ubeti wa Tatu

Kwaya ya kigango cha Kilundwe ilipomwimbia bibi harusi ubeti wa msiba, watu waliokuwa kanisani hawakuelewa mara moja. Walikuwa wameshaanza kuyumba kwa mdundo, akina mama wa benchi la mbele walikuwa wamepiga vigelegele, na mpiga ngoma alikuwa amefumba macho kwa utamu. Sauti ya kwanza ndiyo iliyoanza kusitasita, kisha ya pili. Lakini kwaya iliyomtii mwalimu wake kwa miaka ishirini na miwili haiachi wimbo njiani. Iliuimba ubeti mzima mpaka mwisho:

Kiti chako hatukikalii,
kikombe chako hatukinywei;
kila tukila tunakutaja,
kila tukilala tunakutaja.

Mwalimu Gervas, aliyekuwa amesimama mbele ya waimbaji akiwapa waumini mgongo, alihisi jasho likimshuka chini ya joho. Yeye alikuwa ameinua vidole vinne. Alikuwa na hakika ya hilo. Aliutazama mkono wake wa kushoto, bado uko hewani, na hapo ndipo alipoona kile ambacho kwaya ilikuwa inakiona. Asubuhi ya jana yake, Ijumaa, panga lilimponyoka alipokuwa anamkatia ng'ombe majani, na muuguzi wa zahanati alikuwa amekifunga kidole chake cha mwisho pamoja na jirani yake katika kitambaa kimoja cheupe. Vidole vinne vilikuwa vimegeuka vitatu.

Wimbo ule alikuwa ameutunga mwenyewe, nao ulikuwa fahari ya Kilundwe. Ulikuwa na beti sita. Wa kwanza ulibisha hodi, wa sita ulibariki na kuaga, na hizo mbili ziliimbwa kila mara. Katikati, Gervas alichagua. Harusini waliimba wa pili na wa nne. Msibani waliimba wa tatu peke yake. Siku ya mavuno waliimba wa tano, ule wa maharage na viazi. Waimbaji walizijua zote kwa moyo. Walichongoja ni vidole vyake tu, au ngumi, ambayo maana yake ilikuwa: ruka yote, nenda mwisho. Wageni walidhani anabariki watu.

Sasa, kwa hofu, alikunja ngumi. Kwaya ikaruka hadi wa sita, ikaaga, ikanyamaza. Ubeti wa nne, ule wa wawili kupika chungu kimoja, haukuimbwa kabisa. Happiness, bibi harusi, alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ndugu wa bwana harusi, waliopanda mlima kutoka Kihonda tangu alfajiri, walinong'onezana. Na kwenye benchi la pili alisimama Lukasi, mjomba wake Happiness. Mama wa binti huyu alifariki miaka minne iliyopita, na kwa kuwa Kilundwe mtoto ni wa ukoo wa mama, Lukasi ndiye aliyemlea na ndiye aliyemkabidhi kwa mume asubuhi ile. Alimtazama Gervas tu, mpaka padre alipomwomba akae.

* * *

Jioni hiyo Gervas hakwenda kula pilau ya harusi. Alijikalisha nyuma ya nyumba, karibu na ng'ombe, kana kwamba wao wawili walikuwa na kesi moja. Mkewe Bernadeta alimfuata na sahani. Hakumwonea huruma sana. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, na aibu ile ilikuwa yake pia.

"Baba Ana, kwa nini hukutumia mkono wa kulia?"

"Wa kulia ulikuwa unapiga mapigo."

"Basi ungeinua mguu."

Binti yao Anastasia, aliyekuwa anasuuza vyombo hatua chache kutoka pale, alishindwa kujizuia akacheka, na Gervas naye akacheka kidogo, halafu akakumbuka hali yake akaacha. Anastasia alikuwa amemaliza shahada ya biolojia mwaka uliopita, na sasa alikuwa anajitolea kufundisha katika sekondari ya kata huku akingoja ajira. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba hakuna jambo lisilotengenezeka kama watu watakaa wakazungumza, na nyumbani walimpenda na kumtania kwa sababu hiyohiyo.

Kabla giza halijaingia, Lukasi alifika. Bernadeta alimpanguzia kiti; akasema atasimama. Akamletea chai, akasema ametoka kunywa. Katika nyumba za Kilundwe mtu anayekataa kiti na chai siku moja amekwisha kusema karibu yote aliyokuja kusema, lakini Lukasi alisema na yaliyobaki. Alisema amempeleka mtoto wa marehemu dada yake kanisani akiwa na suti ya kuazima na moyo mweupe, na wao wamemzika akiwa hai mbele ya wakwe. Alisema mtoto amelia mpaka amepanda gari. Alisema shauri liko kwa Mzee Amosi, mwenyekiti wa kigango, na halmashauri itakaa Alhamisi.

"Sitaki mbuzi wala samahani, Mwalimu. Nataka wimbo ule ufutwe, na kwaya ipewe mtu mwenye mkono mzima."

Gervas aliinuka kumsindikiza kama ilivyo desturi. Lukasi akamwambia asijisumbue.

* * *

Wiki ile ilikuwa ndefu. Bombani wanawake walimpisha Bernadeta mbele ya foleni, jambo ambalo hufanyiwa waliofiwa. Wanafunzi wa Anastasia walipotaka kwenda haja waliinua vidole vitatu, darasa zima likaangua kicheko, na yeye akajifanya hajaona. Jumanne, siku ya mazoezi, walikuja waimbaji saba kati ya ishirini na wanne, na wote saba waliutazama mkono wa mwalimu kwa upole wa kuudhi, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Mmoja aliuliza kama si vizuri wakajifunza nyimbo za kinanda, ambazo hazina mambo ya vidole.

Jumatano asubuhi Anastasia alimkuta baba yake mezani. Alikuwa amelifungua daftari lake kuukuu la nyimbo, ukurasa wa wimbo ule, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika karatasi kwa juu, tayari kuichana.

"Baba, ngoja."

"Heri niuchane mwenyewe kuliko kuchaniwa."

"Wimbo una kosa gani?"

"Umeharibu harusi."

"Wimbo haukuharibu kitu. Hakuna hata neno moja lililokosewa. Kilichokosewa ni alama ya wapi pa kurukia." Akavuta kigoda akaketi. "Mwili wako wenyewe unaimba hivyohivyo, Baba. Ukiuchana huu, itabidi na wewe tukuchane."

Gervas alimtazama kwa shaka, lakini mkono ulilegea. Miaka mitatu alikuwa amemwuliza binti yake kule chuoni anasoma nini, na kila mara alijibiwa kwa maneno ambayo aliyasikiliza kwa heshima bila kuyashika.

Anastasia alimweleza kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo, na kipande kimoja cha maagizo hayo huitwa jeni. Seli inapotaka kutengeneza protini, haichukui jeni yenyewe, inainakili kwanza. Nakala ile ina vipande vinavyotakiwa na vipande visivyotakiwa. Seli inakata visivyotakiwa na kuunganisha vilivyobaki, na kinachotoka hapo ndicho kinachosomwa.

"Zamani walidhani jeni moja ni protini moja, basi," alisema. "Kumbe seli haziunganishi vipande vilevile kila mara. Kuna jeni moja, iko kwenye tezi hapa shingoni na iko kwenye mishipa ya fahamu. Ile ile, herufi kwa herufi. Shingoni seli inachukua kipande fulani, inapata homoni inayoiambia mifupa itunze chokaa yake. Kwenye mishipa ya fahamu inakiruka kipande hicho, inachukua vingine vilivyo mbele, inapata kitu kingine kabisa, cha kupanua mishipa ya damu na kupeleka habari za maumivu."

Gervas aliutoa mkono kwenye ukurasa. Kisha akauliza swali ambalo Anastasia alikuja kulisimulia kwa wanafunzi wake muda mrefu baadaye, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza vizuri hivyo.

"Nani anainua vidole?"

"Protini nyingine. Zinakaa juu ya nakala na kuonyesha: hapa kata, hapa pita. Za shingoni si sawa na za kwenye mishipa ya fahamu."

"Kwa hiyo kila sehemu ya mwili ina mwalimu wake wa kwaya."

"Ndiyo, Baba."

"Na akijifunga kitambaa?"

"Hapo ndipo wengine wanapougua. Kuna watoto misuli yao inalegea kwa sababu kipande kimoja kidogo kinarukwa kilipotakiwa kuchukuliwa. Na dawa mojawapo waliyoipata haiondoi jeni. Inakwenda kufunika alama inayodanganya, seli inakichukua kile kipande, basi."

Bernadeta, aliyekuwa ameegemea mlango na ufagio mkononi akisikiliza, alisema kwamba kama ni hivyo, miaka yote ile ya chuo haikupotea. Kisha akamwambia mumewe afunge daftari, aende akampe ng'ombe maji, maana naye ni mshitakiwa mwenzake.

* * *

Halmashauri ilikaa Alhamisi saa kumi katika chumba cha mafundisho, kwenye viti vya watoto. Mzee Amosi, fundi seremala aliyekuwa na magoti mabovu, alipewa kiti pekee cha mtu mzima. Lukasi alisema aliyosema, kwa ufupi na bila matusi, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa mazito zaidi. Gervas alipopewa nafasi aliinuka, akauinua mkono wenye kitambaa ili wote waone, akasema kosa ni lake, na akakaa. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakampotea.

Anastasia, aliyemsindikiza baba yake, akaomba kusema. Watu wawili waliguna kwamba mambo ya kwaya hayahitaji digrii, lakini Mzee Amosi alimruhusu. Alieleza kuhusu jeni ya shingoni, na kuhusu watoto wa misuli, na alieleza vizuri, ingawa baba yake alikuwa anaangalia sakafu. Alisema wakiufuta wimbo kwa ajili ya harusi moja, watakuwa wameufuta na siku ya mavuno, na wameufuta na siku ya kuzikana. Akasema tatizo ni kitambaa, na kitambaa kitafunguliwa Jumamosi.

Wengine walitikisa kichwa kukubali. Lukasi hakutikisa.

"Binti yangu, umesoma na nimefurahi. Lakini Happiness si seli. Ni mtoto aliyelia siku ya harusi yake. Hayo machozi nani atayafunika?"

Mzee Amosi alikuna goti lake kwa muda, kisha akauliza swali dogo: katika watu wote waliokuwa mle chumbani, ni nani aliyemwuliza Happiness mwenyewe?

Ikadhihirika kwamba hakuna. Lukasi alikuwa ameona aibu kumpigia mtoto aliyemaliza siku tano tu kwa mumewe. Gervas alikuwa ameona aibu zaidi. Wengine walikuwa wamemsemea.

Simu katika kigango kile inashika mtandao mahali pamoja tu, kwenye ngazi ya juu kabisa ya mlango wa kanisa. Basi halmashauri nzima ilitoka, Mzee Amosi akishikwa mikono, wakajibana pale kwenye ngazi kama watu wanaongoja kupigwa picha. Lukasi alipiga, akafungua sauti ili wote wasikie. Happiness aliwaamkia, akacheka kusikia wako wangapi. Mjomba wake alimweleza kwamba wanataka kuufuta ule wimbo uliomliza.

"Mjomba, mimi sikulia kwa mkosi," Happiness alisema. "Tangu asubuhi ile nilikuwa najizuia. Kila mtu aliniambia nisimtaje mama, siku ya harusi mtu halii. Nikaingia kanisani, naangalia mabenchi, hayupo. Halafu kwaya ikamtaja. Ule ubeti ndio mliouimba tulipomzika. Nikaona kama amefika, amechelewa kidogo kama kawaida yake."

Hapo ngazini mtu mmoja alikohoa.

"Nilifurahi," Happiness aliendelea. "Nilidhani Mwalimu amefanya kusudi, kanipa zawadi. Nilitaka kumshukuru, nikaambiwa ameshaondoka. Sasa sisi tunakuja Jumapili kuwasalimia. Mkiufuta mtatuimbia nini? Na ule wa chungu kimoja hamkuuimba, nawadai harusi."

Lukasi alikuwa ameishika simu mbele yake kwa mikono miwili. Hatimaye hakuzungumza na simu, alizungumza na Gervas, aliyekuwa amebanwa naye bega kwa bega kwa sababu ngazi ilikuwa nyembamba.

"Alikuwa anachelewa kweli," alisema. "Hata kanisani siku ya harusi yake mwenyewe, tulimngoja."

* * *

Wakirudi nyumbani baba na binti walipita njia ya juu, kando ya matuta ya kabichi. Gervas alitembea kama mtu aliyetua mzigo na bado anausikia begani. Aliuliza kama ndani ya mwili nako hutokea hivyo, kwamba alama inakosewa halafu kinachotoka kinakuwa kizuri.

Anastasia hakutaka kumdanganya ili kumfurahisha. Alisema ni nadra. Mara nyingi kinachotoka hakifai, na seli yenyewe inakitambua na kukitupa. Lakini maisha ni marefu, vizazi ni vingi, na mara mojamoja kipande kilichoingia kwa bahati kinapata kazi ambayo hakuna aliyejua kwamba ilikuwa inangoja mtu wa kuifanya. Hapo hakitupwi tena.

"Basi na sisi tusikitupe," Gervas alisema.

* * *

Jumamosi muuguzi alikifungua kitambaa. Bernadeta hakuridhika mpaka mumewe alipokaa mbele yake na kuinua kimoja, viwili, vitatu, vinne, ngumi, huku yeye akitaja ubeti kila mara. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kidogo, lakini kilionekana.

Jumapili, baada ya misa, kwaya yote, watu ishirini na wanne, ilijipanga uani kwa Lukasi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kuondoka, na majani ya migomba yalikuwa bado yanadondosha maji. Happiness na mumewe walikalishwa kwenye mkeka mpya. Kabla wimbo haujaanza, Lukasi aliingia ndani akatoka na kigoda kifupi cha miguu mitatu, kilichong'aa kwa kukaliwa, akakiweka kando ya bibi harusi. Hakueleza. Watu wa ukoo walikijua ni cha nani, na wasiokijua walielewa waliponyamaza wenzao.

Waliimba wa kwanza, wakabisha hodi. Waliimba wa pili. Kisha Gervas akainua vidole vitatu.

Kwaya ilisita. Ilitazama mkono, ikatazama uso wa mwalimu, ikatazama tena mkono. Gervas akavitenganisha vidole vile kadiri alivyoweza, vitatu, wazi, bila kitambaa, akatikisa kichwa: ndiyo. Sauti ya kwanza ikaingia.

Kiti chako hatukikalii.

Happiness alilia tena, safari hii akicheka, na hakufunika uso. Ndugu wa Kihonda, waliokuwa wamekwisha kuelezwa, waliitikia. Lukasi aliimba pia, kwa besi isiyolingana na sauti ya mtu yeyote, na hakuna aliyemtazama vibaya. Ulipofika wa nne mwalimu aliinua vinne, na deni la chungu kimoja likalipwa kwa vigelegele. Kisha ngumi, wakabariki, wakaaga, ingawa hakuna aliyeondoka, maana chakula kilikuwa bado jikoni.

* * *

Jumatatu asubuhi, kabla Anastasia hajatoka kwenda shule, Lukasi alibisha hodi kwa Gervas na kapu la maharage mabichi. Bernadeta alikuwa bado hajasema karibu alipomwona anavuta kiti mwenyewe, kilekile alichokikataa jioni ya harusi, na kukaa kwa uzito wote. Alisema amepita tu kuona kama wameandika.

Anastasia alilileta daftari. Chini ya ukurasa, chini ya mistari mitatu ya zamani ya Harusi, Msiba na Mavuno, palikuwa na mstari mpya kwa mwandiko wake wa ualimu: Harusi ya aliyefiwa na mama. Moja, mbili, tatu, nne, sita.

Lukasi aliusoma mara mbili kwa kidole. Kisha akamwuliza Gervas, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mbolea, siku yeye mwenyewe akifa watamwimbia zipi.

Gervas alifikiri. Bernadeta akajibu kwa niaba yake, huku anamimina chai.

"Hiyo, Mjomba, itategemea mwalimu ameamka na vidole vingapi."

Lukasi akacheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. Alipokishika tena, akaomba sukari iongezwe.